Kupungua kwa msosi huu huu wa kwetu: mwongozo kwa kijana anayeanza

Kila Jumapili tukimaliza jogingi, watu wakiwa wananyoosha viungo, maswali ni yale yale: nianze na nini, ugali niache kabisa, maji ya ndimu yanasaidia kweli, mbona nakimbia mwezi mzima na kitambi kipo palepale. Wanaouliza wengi ni vijana wa ishirini na kitu, wengine wako chuo wanakaa hosteli, wengine ndo wamepata kazi wamepanga chumba Tabata au Mbagala, mwili umeongezeka ghafla na suruali za mwaka jana hazipandi mapajani. Nimeona niandike yote sehemu moja ili nikiulizwa tena niwatumie hii.

Cha kwanza ujue, huhitaji chakula kipya. Habari za oti za kwenye boksi, mkate wa kahawia wa supamaketi na maziwa ya lozi waachie wenye hela zao, na hata hao wengi wanarudi kwenye chipsi ndani ya wiki tatu. Kijana wa Dar ananenepa kwa vitu vitatu: vinywaji vya sukari, mafuta ya kukaangia, na mlima wa wali au ugali wenye mboga kiduchu pembeni. Tunavishughulikia kwa mpangilio huohuo, na chakula kinabaki kile kile unachokijua.

Nani asianze peke yake

Kama uko chini ya miaka 18, usijinyime chakula. Mwili bado unakua, na ile hesabu ya BMI ya watu wazima (uzito ukilinganishwa na urefu, ipo hapo chini) haikuhusu, wa umri wako wana chati yao inayoangalia umri na jinsia, nenda kituo cha afya wakupime. Wewe acha soda, punguza vya kukaanga, cheza mpira, basi. Wengi wa umri huo wakiacha tu kuongezeka na urefu ukaendelea kupanda mwili unajipanga wenyewe.

Wengine wa kumwona daktari kwanza: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari anayetumia dawa au insulini (ukipunguza chakula ghafla bila kurekebisha dawa sukari inaweza kushuka ukaanguka), anayemeza dawa za presha, mwenye vidonda vya tumbo, na yeyote aliyewahi kujitapisha au kujishindisha njaa kwa ajili ya mwili. Huyo wa mwisho namsisitiza, mdogo wangu kama ni wewe usifuate huu mwongozo, tafuta mtu wa afya uongee naye.

Halafu hakikisha kweli una cha kupunguza. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, jibu ligawanye tena kwa urefu huohuo. Hiyo ndo BMI. Mfano kilo 78 na urefu mita 1.65, unapata 28.7. Kati ya 18.5 na 24.9 uko sawa, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene unaohitaji kushughulikiwa. Ukipata 21 na bado unataka kupungua kwa sababu ya picha za watu kwenye simu, funga ukurasa huu ukale. Mtu wa jimu mwenye misuli hesabu hii inaweza kumdanganya, atumie kiuno: kiuno chako kisifike nusu ya urefu wako, yani mwenye sentimita 165 awe chini ya 82.

Vitu vya kuwa navyo

- Futi ya fundi cherehani. Hii ndo muhimu kuliko mizani.
- Mizani yoyote, lakini iwe hiyohiyo kila mara. Kama huna, duka la dawa au yule kijana wa barabarani mwenye mashine ya kupima uzito na urefu anatosha. Usipime leo hapa kesho kule alafu ukachanganyikiwa.
- Kijiko kimoja kikubwa, kile cha kulia wali. Kinakaa juu ya chupa ya mafuta na hakitoki hapo.
- Sufuria yenye mfuniko unaokaa vizuri, na ukiweza frampeni isiyoshika.
- Chupa ya maji ya lita moja.
- Daftari dogo au sehemu ya kuandikia kwenye simu.
- Hotpoti au bakuli lenye mfuniko kama unaenda kazini au chuo.

Ndo hivyo, hakuna cha unga wa kuchanganya, hakuna chai ya kwenye pakiti yenye picha ya tumbo la mtu.

Hatua ya 1: Wiki nzima andika tu, usibadilishe chochote

Najua umepania kuanza leo, ila vumilia. Asubuhi ukitoka chooni kabla hujala, pima uzito na kiuno (futi ipite usawa wa kitovu, usivute tumbo ndani, unamdanganya nani), andika. Baada ya hapo kila kinachoingia mdomoni kwa siku saba kiandike, pamoja na karanga za kwenye foleni, vipande viwili vya muhogo ulivyoonjeshwa ofisini, na soda uliyonunuliwa. Vitu vya kupewa ndo watu wanavisahau, wanadhani cha bure hakina kalori (kipimo cha nishati ya chakula).

Mwisho wa wiki chukua kalamu nyekundu, zungushia vinywaji vyote vitamu, alafu zungushia kila kilichokaangwa. Wengi hapo hawahitaji kuambiwa kitu tena.

Hatua ya 2: Vinywaji kwanza

Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, ni vijiko vya chai tisa hivi, na kalori karibu 150. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku, na ukiweza shuka hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Kwahiyo soda moja tu imeshakupitisha hapo kabla hujanywa chai. Ukinywa mbili kwa siku, kwa mwezi ni kalori 9,000, na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Piga hesabu mwenyewe.

Fanya hivi. Soda za kila siku acha, baki na moja kwa wiki kama unashindwa kabisa, na hiyo moja inywe ndogo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabu kama soda. Juisi ya boksi ni soda isiyo na gesi, na juisi ya kusaga ya mtaani uliza imewekwa sukari kiasi gani utashangaa, kula embe lenyewe au chungwa lenyewe utashiba na utatafuna nyuzi zake.

Chai ndo mtego. Vikombe vitatu kwa siku kila kimoja vijiko vitatu, hiyo ni tisa, umekunywa soda nzima ya moto. Usikate ghafla kwa sababu utaichukia chai na utarudi, shuka kijiko kimoja kila wiki, ulimi unazoea. Asali nayo ni sukari, usibadilishe moja kwa nyingine ukadhani umefanya kitu.

Pombe: bia moja ya nusu lita ni kama kalori 200, na bia haiji peke yake, inakuja na ndizi za kukaanga na kitimoto. Mimi sikwambii uache, nakwambia ihesabu.

Kwa baadhi ya watu hatua hii peke yake inatosha kushusha kilo kadhaa, kaa hapa wiki mbili kabla hujaenda mbele.

Hatua ya 3: Mafuta yapimwe kwa kijiko

Hapa ndo penye kazi, nisikilize vizuri. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Haijalishi ni ya alizeti, ya korie, ya mzeituni au yale ya kupima ya kwa Mangi, kalori ni zile zile, ile lebo ya "haina kolestro" haimaanishi hayanenepeshi, mafuta ya mimea hayajawahi kuwa na kolestro tangu mwanzo. Robo lita ya mafuta ina kalori zaidi ya elfu mbili, na kuna vijana wawili wanaoishi geto moja wanamaliza robo lita kwa siku moja na nusu na hawajala nyama hata kipande.

Simama siku moja pembeni ya karai la chipsi uangalie tu. Viazi vimekaangwa nusu mchana vikarundikwa kwenye kabati la kioo, ukiagiza zege vinarudi karaini mara ya pili, vinatoka vinang'aa, vinaingia kwenye frampeni iliyokwisha kuwekewa mafuta mengine, mayai mawili yanamwagwa juu, na kabla ya kugeuza jamaa anazungushia mafuta pembeni ili isishike. Mafuta yameingia mara nne kwenye sahani moja. Ikifika mezani imeshapanda hadi kalori elfu moja bila shida, na soda bado hujafungua.

Nyumbani fanya hivi:

1. Usimimine kutoka kwenye chupa. Mimina kwenye kijiko, kijiko kwenye sufuria. Kipimo ni kijiko kimoja kwa kila mlaji kwa siku nzima, ikishindikana viwili.
2. Kitunguu kikianza kushika chini ongeza maji kidogo, sio mafuta. Funika. Nyanya ikiingia yenyewe ina maji, itamalizia.
3. Mchicha, matembele, chainizi, vyote vinapikika kwa mvuke wa maji yake, mafuta kidogo mwishoni kwa ajili ya harufu. Mlenda na bamia havihitaji mafuta kabisa, na ni mboga za bei ndogo zinazoshibisha.
4. Nazi: tui la kwanza ndo zito. Maharage na samaki wapike kwa tui la pili, la kwanza weka vijiko viwili vitatu mwishoni au waachie wenzako. Na ukishaweka nazi usikaange kitunguu kwenye mafuta pia, chagua kimoja.
5. Samaki wa kukaanga wa Feri mtamu najua, ila badili awe mchemsho, choma, au mpake na tui jepesi. Vibua vya kuchoma na ndimu ni chakula cha maana sana. Dagaa waoshe, chemsha na nyanya na kitunguu, wakikauka weka kijiko kimoja cha mafuta. Dagaa wa kuzamishwa kwenye mafuta wanakunywa mafuta kuliko unavyodhani.

Usiende kwenye upande mwingine ukapika bila mafuta kabisa. Mwili unahitaji mafuta, kuna vitamini haziingii bila hayo, na chakula kikiwa kibaya hutafika wiki ya tatu. Parachichi na karanga ni vizuri, ila robo ya parachichi kubwa na kiganja kimoja cha karanga vinatosha, karanga gramu 100 zinakaribia kalori 570 na zinaliwa bila mtu kujua zimeishia wapi.

Hatua ya 4: Geuza sahani

Sahani yetu ya kawaida ni robo tatu wali, maharage yamemwagiwa juu kama baraka, na mchicha uma mbili. Igeuze: nusu ya sahani mboga za majani na kachumbari, robo wanga, robo protini.

Kama huna sahani ya kuangalia tumia mkono wako. Wanga ukubwa wa ngumi, ugali uliokandwa vizuri ngumi moja hadi moja na nusu. Anayebeba mizigo au fundi ujenzi aende mbili, usimfananishe na anayekaa kwenye kompyuta. Nyama au samaki ukubwa wa kiganja bila vidole. Maharage, choroko, dengu, kunde au mbaazi ngumi moja au zaidi kidogo, hapa sikubani kwa sababu yanashibisha na yana protini, tena ni nafuu. Mboga viganja viwili vilivyojaa.

Dona ni bora kuliko sembe kwa kushibisha, ina nyuzi, ila kalori za unga zinakaribiana sana, usile dona mlima ukasema ni ya afya. Hivyohivyo kwa mtama na muhogo. Na usichanganye wanga mbili, watu wanakula wali na chapati na viazi kwenye sahani moja, viazi wanaviita mboga.

Protini ndo inakuokoa na njaa ya saa tisa. Kila mlo uwe nayo: yai moja lina protini kama gramu 6 na kalori 70 hadi 80, kwahiyo mawili ya kuchemsha ni bei rahisi kwa kazi inayofanya. Maziwa mtindi bila sukari, dagaa, filigisi, kuku aliyetolewa ngozi, vyote twende.

Anza na mboga na protini, wanga malizia. Kunywa maji, tulia dakika kumi na tano kabla ya kuongeza. Kama bado una njaa kweli ongeza mboga na maharage, sio wali.

Hatua ya 5: Asubuhi

Chai na maandazi manne ni unga, sukari na mafuta, saa nne una njaa tena. Badala yake viazi vitamu, magimbi au muhogo wa kuchemsha, vipande viwili, na mayai au maharage yaliyobaki jana. Supu nzuri ila sio ya makongoro yenye mafuta yanaelea na chapati mbili, chukua ya kuku au samaki, chapati moja au ndizi za kuchemsha. Uji wa lishe wenye karanga, soya na nafaka saba usinywe kama chai pembeni ya chakula, ule ni mlo kamili.

Usiposikia njaa asubuhi sio lazima ule, ila kama ukiruka asubuhi unafidia saa nne kwa sambusa tatu basi bora ungekula.

Hatua ya 6: Ukila nje

Wengi hawapiki, wanakula kwa mama ntilie, na hii sio kisingizio maana kule ndo rahisi kuliko unavyodhani. Unasema kabla hajapakua: "Mama, wali nusu, maharage ongeza, mboga za majani weka mara mbili, na ule mchuzi wa juu usiniwekee." Siku ya kwanza atakuuliza mwanangu unaumwa, siku ya tatu anapakua mwenyewe akikuona. Lile tabaka la mafuta mekundu juu ya sufuria ya nyama mwambie achote chini.

Chipsi sio dhambi, ila zisiwe chakula cha jioni cha kila siku. Mara moja kwa wiki, na uagize hivi: mishikaki miwili au kuku wa kuchoma, kachumbari nyingi, chipsi nusu sahani, maji. Ukitaka yai omba la kuchemsha. Ndizi za kuchoma ni mbadala mzuri na zinapatikana palepale.

Hatua ya 7: Nyumbani kwa watu, shughuli na mwezi wa Ramadhani

Kama unaishi na wazazi, usitangaze dayati. Kwetu mtu akipungua anaulizwa una nini, na mama akisikia hutaki chakula chake anachukulia vibaya. Sema tu nimeshiba mama, wali umenitosha, naomba mboga. Mkila sinia moja kaa upande wenye mboga, jichotee sehemu yako mapema usimalizie za wenzako kwa adabu.

Kwenye harusi kula pilau, sahani moja, acha soda na keki. Hiyo siku moja haijamnenepesha mtu.

Ramadhani inashangaza wengi, wanafunga siku nzima na Idi inawakuta wameongezeka kilo mbili. Sababu ni futari: kaimati za shira, tambi za sukari, sambusa, magimbi ya nazi, vyote meza moja, alafu usiku wali. Fungua na tende na maji, uji usio na sukari nyingi, swali, alafu rudi ule sahani moja iliyopangwa kama hatua ya 4. Cha kukaanga chagua kimoja kwa siku. Daku usiruke, kula yai au maharage na viazi vitamu, utashinda vizuri.

Hatua ya 8: Tembea na ulale

Kukimbia nusu saa kwa mtu wa kilo 75 kunachoma kama kalori 300. Ni nzuri kwa moyo, kwa akili, kwa usingizi, lakini soda mbili zinairudisha yote, ndo maana nimeanza na chakula. Lenga angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au kukimbia, na siku mbili za pushapu na skwati ili unachopoteza kiwe mafuta sio misuli. Shuka daladala vituo viwili kabla.

Lala masaa saba. Mtu aliyekesha kesho yake anatamani vitamu na mafuta, jichunguze utaona.

Hatua ya 9: Pima mara moja kwa wiki

Siku ile ile, asubuhi, mizani ile ile. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndo mwendo mzuri. Wiki ya kwanza unaweza kushuka hata kilo mbili na ukafurahi sana, nyingi ni maji, kwahiyo wiki ya pili ikishuka kidogo usidhani imegoma.

Vitu vya kutofanya kabisa

Vidonge na chai za kupunguza tumbo. Nyingi za hizo chai zina sanamaki au dawa nyingine ya kuharisha, unachotoa ni maji na chumvi za mwili, mafuta yapo palepale, na ukizidisha unaharibu utumbo na mapigo ya moyo. Vidonge ni hatari zaidi: kuna dawa inaitwa sibutramini iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na imeendelea kukutwa imechanganywa kimyakimya kwenye bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Muuzaji akikwambia "kilo kumi kwa wiki" hama hapo.

Kujifunga nailoni tumboni ukakimbia: unatoka jasho, ukinywa maji linarudi. Maji ya ndimu ya moto: hayayeyushi mafuta, ni maji yenye ndimu, kunywa kama unapenda ila ukiwa na vidonda vya tumbo acha. Maji baridi hayagandishi mafuta tumboni, tumbo lina joto la mwili, kunywa ya friji bila wasiwasi. Siti-apu mia kwa siku zinajenga misuli ya tumbo chini ya mafuta, haziondoi mafuta ya sehemu hiyo. Na kushindia matunda tu siku tano, hiyo ni njaa ya bei ghali, siku ya sita utamaliza sufuria.

Ikigoma

*Mizani haijasogea wiki tatu.* Angalia kiuno kwanza, kama kimepungua na umeanza mazoezi uko sawa. Kama na kiuno kimegoma rudi hatua ya 1, andika siku saba tena. Mara nyingi mchawi ni kijiko cha mafuta kilichogeuka vitatu, karanga, au Jumamosi na Jumapili zinazokula kazi yote ya siku tano.

*Mizani imepanda kilo moja usiku mmoja.* Hujanenepa. Ulikula chumvi nyingi jana au hujaenda choo. Kwa wadada siku za kabla ya hedhi mwili unashika maji, linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

*Njaa kali saa nne usiku.* Mchana ulikula kidogo mno au bila protini. Ongeza mlo wa mchana, na usiku ule yai au kikombe cha mtindi ukalale.

*Choo kigumu.* Maji hayatoshi au mboga hazitoshi. Papai na maharage vitasaidia.

*Maharage yanajaza gesi.* Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha na maji mapya. Anza na kidogo uongeze taratibu, tumbo linazoea.

*Kizunguzungu, kutetemeka, nywele kukatika, hedhi kukata.* Unakula kidogo kupita kiasi. Ongeza chakula leo hii na uende zahanati, haya sio ya kuvumilia.

*Unawaza chakula muda wote, unaogopa kula mbele za watu, au umeanza kutapika makusudi.* Simamisha kila kitu, ongea na daktari au mtu wa karibu unayemwamini. Hakuna kilo zenye thamani ya hayo.

*Umevunja, umekula chipsi na soda mbili siku tatu mfululizo.* Usijishindishe njaa kufidia, mlo unaofuata panga sahani kama kawaida uendelee.

*Umefika uzito unaoutaka.* Ongeza wanga nusu ngumi kwa mlo mmoja, kaa wiki mbili, kama mizani imetulia ongeza na mlo wa pili. Kijiko kibaki juu ya chupa ya mafuta. Pima mara moja kwa mwezi, na siku ukikuta zimeongezeka kilo mbili rudi hatua ya 2 usisubiri zifike saba.